Kibuyu cha Kwanza na Migomba ya Emérita

Jumanne, tarehe 1, mwezi wa sita, 1954

Naliomba radhi daftari hili. Lilinunuliwa kwa ajili ya majina ya wakatekumeni, wanaosomea ubatizo, nami leo nalitia mambo ya hila. Lakini wakatekumeni wamepewa mwalimu mwingine, kijana, mwenye baiskeli. Kwangu zimebaki kurasa tupu na hila.

Habari yenyewe ni hii. Kaka yangu Karangwa alitutoka mwezi wa nne. Hakuacha mtoto. Hakuacha karatasi. Aliacha mjane wake, Mama Mukankusi, na kilima kizima juu ya kijiji cha Shasha. Na katika kilima hicho, ubavu unaotazama ziwa, kuna migomba ya marehemu mke wangu, Emérita. Migomba ni yake kwa jasho. Ardhi ilikuwa ya kaka, kwa kuwa alikuwa mkubwa. Alitupa mahali pale mwaka 1920, tulipofunga ndoa. Kwa neno la mdomo tu. Tulikuwa ndugu, nani angeandika?

Emérita alipanda mche wa kwanza kabla hajafungua mizigo yake. Nilimsihi apumzike. Alisema mgomba haumjui bibi harusi. Amelala miaka saba sasa. Kila jua likipunguka naenda kuketi juu ya jiwe alilozoea kuketi, nasikiliza majani yakisuguana, nampa habari za siku. Wakati mwingine naona haya, maana habari ni chache.

Sasa mshindani. Nestor Kanyamibwa, mtoto wa baba yetu mdogo. Alikuwa kapita, msimamizi wa vibarua, katika barabara ya Sake, na hata leo akikusalimu unadhani anaamrisha koleo mia. Anataka kilima. Anataka kufyeka migomba yote na kupanda kahawa. Miche ameshaiotesha nyuma ya jiko lake. Nasema haya bila chuki. Nasema kwa chuki kidogo. Radhi.

Jumamosi tunamaliza matanga. Desturi yetu inajulikana. Mzee wa ukoo hutoa kibuyu cha kwanza cha kasiksi, pombe ya ndizi, na yule anayevuta mrija wa kwanza mbele ya watu ndiye mrithi. Hata tribinali ya sheferi, mahakama ya chifu, haiulizi mengine. Huuliza: nani alikunywa?

Hila ya kwanza basi: ninywe mimi.

Jumatano, tarehe 2

Nimemwendea Mzee Nzabonimpa, mkubwa wa ukoo, ambaye ndiye atakayeshika kibuyu. Nilimpelekea jogoo. Nilitanguliza maneno ya heshima, nikaomba radhi kwa kumsumbua, nikaomba radhi kwa udogo wa jogoo, kisha nikaeleza asili ya ombi langu tangu enzi za babu. Nilipofika kwa babu alikuwa amelala.

Alipoamka alinieleza kwamba jogoo hakuhitajika. Mimi ni ndugu wa tumbo moja na marehemu. Kibuyu kingekuja kwangu kwanza hata kama ningekaa kimya nyumbani. Akanishika mkono, akanitazama kama mtu anayemtazama ndama karibu na mto.

“Weye unywe tu, Kabera. Usiseme kitu. Unywe.”

Jogoo alibaki kwake. Nilimwachia pia kamba.

Njiani nilikumbuka darasa letu la misheni, sakafu ya udongo, padri na ndevu zake. Alitufundisha kwamba mstaarabu huhudumiwa mwisho. Neno hilo liliniingia mpaka kwenye mifupa, nami nikalifundisha miaka thelathini. Nestor alikuwa katika darasa lile lile. Liliingia sikio moja, likatoka dirishani.

Mwaka 1909, sikukuu ya Sakramenti Kuu, mimi ndiye niliyechaguliwa kubeba kengele ya maandamano. Nilifua kanzu mara mbili. Nestor aliitazama kengele ile kwa macho ambayo sikuweza kuyastahimili. Nilimwambia: tafadhali, ibebe. Aliipiga kwenda na kurudi. Hata sasa naisikia.

Alhamisi, tarehe 3

Mazoezi. Kigoda, kibuyu cha maji, mrija. Nilijipa kibuyu mwenyewe, nikakipokea mwenyewe. Mara tatu nilikunywa vizuri sana, bila neno. Mara ya nne nilijikuta nimekishukuru na kukirudisha.

Sina wasiwasi. Tatu kwa nne ni ushindi katika mitihani yote niliyosahihisha.

Jumamosi, tarehe 5

Mungu anisamehe.

Uwanja wa kaka ulijaa. Wanawake walikuwa wamekwisha kunyolewa, Mama Mukankusi ameketi mbele kabisa, kichwa kinang'aa, jicho kali. Kigoda cha marehemu katikati. Nikaketishwa. Mzee Nzabonimpa akaja na kibuyu, akanisogezea mrija mpaka karibu ya midomo. Akanikonyeza.

Nilikuwa nimefungua kinywa! Naandika hili ili lijulikane. Kinywa kilikuwa wazi. Lakini nikainua macho, nikamwona Nestor amesimama juani, hana hata mahali pa kuketi, jasho limemshuka, anakitazama kibuyu. Yalikuwa macho yale yale ya kengele.

Nikasimama. Nikawaomba radhi wote. Nikasema kwa ufasaha, sauti ya darasani, wa nyuma kabisa akasikia: “Tafadhali, ndugu yangu, tangulia.”

Nestor hakuombwa mara mbili. Alikunywa mpaka kibuyu kikalia. Watu wakapiga makofi, kwa sababu desturi ni kupiga makofi. Mzee Nzabonimpa alikuwa ameshika paji la uso.

Mama Mukankusi alisema bila kugeuka, wote wakasikia: “Na siku ya ndoa yako, shemeki, ulisimama mulangoni mwa kanisa unasema watu batangulie, mupaka Emérita akatoka altareni akakuja kukuvuta koti.”

Ni kweli. Walikuwa watu wengi, na mlango mwembamba. Alinivuta koti hili hili nililolivaa leo. Kwa miaka ishirini na saba, kila nilipofungua kinywa ili kugawa kitu, kiwiko chake kilinifikia ubavu wa kushoto. Hakuwa na haja ya maneno. Nilikuwa mtu mwenye msimamo sana wakati ule, na wengi walinisifu kwa jambo hilo.

Jumapili, tarehe 6, Pentekoste

Baada ya Misa Nestor alinipungia mkono mbele ya kanisa. Alinishukuru kwa sauti ya barabarani. Akanieleza kwamba Jumatatu ya wiki ya pili anaanza kufyeka, upande wa ziwa kwanza, kwa sababu pale jua ni zuri. Akaniuliza kama ninalo panga la ziada.

Nilimwambia ninalo. Radhi, Emérita. Aliuliza kwa wema.

Niliposhuka kuketi juu ya jiwe nilihesabu siku. Nane. Mashina yaliyo upande wa ziwa ndiyo yale aliyokuwa akiyasemesha kwa majina. Moja aliliita Padri, kwa sababu lilikuwa likiinama kila upepo ukipita.

Hila ya pili: tribinali. Nitamshitaki Nestor kwa maandishi. Hati yangu ilisifiwa katika misheni tatu.

Jumanne, tarehe 8

Jana nilikesha juu ya mashitaka usiku kucha, kama mtu anavyokesha juu ya mgonjwa. Kurasa nne. Leo nimeyapeleka kwa karani wa tribinali, Floribert, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, ambaye nilimfundisha kusoma.

Aliisoma barua yote, akasimama kwa heshima. Akasema hajawahi kupokea barua nzuri kama ile. Kisha akaiandika katika kitabu kikubwa. Nilisoma maandishi yakiwa juu chini: *Barua ya pongezi kwa mrithi*.

Nilimwomba radhi, nikamweleza kwamba ni mashitaka. Floribert aliisoma tena, polepole, akifuata kwa kidole.

“Papa Mwalimu, hapa munasema Papa Nestor iko muntu ya nguvu na ya busara. Hapa munamutakia afya. Hapa munasema kosa yote iko yenu. Sasa munashitaki nani?”

Nilimwonyesha ukurasa wa nne, mstari wa mwisho, ambapo niliandika kwamba, endapo haitakuwa usumbufu, migomba ingependa kubaki. Alikata mstari wa zamani katika kitabu, akaandika *Mashitaka (labda)*. Kesi ni Ijumaa. Akanishauri nilete ushahidi wa kushikika.

Jumatano, tarehe 9

Ushahidi wa kushikika! Nililikumbuka alfajiri. Siku ile ya 1920, chini ya mche wa kwanza, Emérita alizika jembe lililokwisha makali alilotoka nalo kwa baba yake. Bibi harusi wa kwao hufanya hivyo, ili mkono wake ujue nyumba yake mpya. Nikilifukua jembe lile, nani atasema shamba si lake?

Hila ya tatu. Nilichimba chini ya shina la kwanza mpaka magotini. Hapana jembe. Nikachimba kando. Hapana. Ndipo nilipokumbuka kitu ambacho kila mkulima anakijua, na mimi niliyeshika chaki muda mrefu nilikuwa nimekisahau: migomba hutembea. Mama huzaa mtoto kando yake, mama hufa, mtoto naye huzaa kando. Miaka thelathini na minne! Shina la Emérita limeshatembea, hatua kwa hatua, na jembe limebaki nyuma mahali fulani, pengine chini ya njia, pengine chini ya jiwe ninaloketi. Nilikaa ndani ya shimo langu. Nilifurahi kidogo, sijui kwa nini. Kufikiri kwamba bado wanatembea, mama na mtoto.

Hapo akaja Nestor na kamba na vijiti, kupima mashimo ya kahawa. Alikuwa peke yake. Mtu mmoja hawezi kupima kwa kamba; ncha moja hulegea, safu inapinda. Nilimtazama akienda na kurudi, akifunga ncha kwenye jiwe, jiwe likibingirika. Ni mtu mwenye mgongo mbaya.

Nilishika ncha ya pili. Kwa dakika chache tu.

Tulipima safu tisa.

Ijumaa, tarehe 11

Tribinali. Hakimu, mtu wa makamo, mpole, ameketi kati ya wazee wake wawili. Nestor amevaa kofia yake ya ukapita. Mimi koti la ndoa. Watu mpaka madirishani.

Hakimu aliniuliza kama ni kweli kibuyu kilikuja kwangu kwanza. Nilikubali. Akaniuliza kama kuna aliyenizuia kunywa. Nilisema hakuna, wote walinitendea wema. Akauliza basi kwa nini sikunywa. Nilisema Nestor alikuwa amesimama juani. Wazee wawili wakatazamana.

Nestor akaeleza kwamba mimi mwenyewe nilimkaribisha, kwamba barua yangu inamsifu, na kwamba juzi tu nilimsaidia kupima mashimo ya kahawa katika shamba lile lile ninalolilia. Hakimu aliweka kalamu chini. Akaniuliza kama nilishika kamba.

“Ilikuwa inalegea, Bwana Juji,” nilisema.

Kicheko kilipita mpaka barabarani. Nilisikia watu wa nje wakiuliza, na wa ndani wakiwaeleza, na kicheko kikapita mara ya pili. Nilikuwa nikiyaona mapanga ya Jumatatu. Niliona lile shina linaloinama. Nilitaka kusema neno juu ya Emérita, neno moja lenye nguvu, lakini nilianza kwa kuwaomba radhi, na radhi zikamaliza zamu yangu.

Hapo Mama Mukankusi akasimama bila kuitwa. Akasema kwamba kwa vile wanaume wamemaliza kuchekana, yeye ana neno la marehemu. Hakimu akampa ruhusa. Nadhani aliogopa kumnyima.

“Siku mbili kabla ya kufa, Karangwa aliniambia hivi: ‘Migomba ya Emérita isikatwe wakati mudogo wangu angali anatembea. Ile si yangu. Nilimushikia tu.’ Njo maneno yake. Na ule mwenye kunywa kibuyu amekunywa na maneno ya marehemu. Nestor alikunywa yote. Nilimuona. Hakubakisha.”

Mzee mmoja wa tribinali akatikisa kichwa kukubali: ndiyo desturi. Mrithi hurithi pia ahadi. Na dirishani Mzee Nzabonimpa akapaza sauti kwamba hata yeye aliambiwa na Karangwa, ila alidhani kila mtu anajua.

Hakimu alimuuliza Mama Mukankusi kwa nini hakusema mapema. Alijibu kwamba hakuna aliyemuuliza. Hakimu akanigeukia. Je, kwa miezi miwili hii sikumtembelea mjane wa kaka yangu? Nilimtembelea kila siku, nilisema. Nilimuuliza hali ya goti, hali ya mbuzi, hali ya paa linalovuja. Na shamba? Sikumuuliza.

“Alikuwa mu matanga, Bwana Juji. Ningemuuliza mali namna gani?”

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama Mukankusi alikuwa akitazama mikono yake.

Hukumu, kama Floribert alivyoisoma: kilima ni cha Nestor Kanyamibwa, aliyekunywa. Migomba iliyo upande wa ziwa ameshikishwa tu, kama Karangwa alivyoshika kabla yake, na haitakatwa hata shina moja maadamu Symphorien Kabera anatembea. Tena, kwa kuwa mrithi humrithi marehemu pamoja na kazi zake, Nestor ataezeka paa la Mama Mukankusi kabla ya mvua na kumletea kuni maisha yake yote. Nestor aliinama kama mtu aliyekuta jiwe ndani ya mkate.

Floribert akamalizia mstari wa mwisho: hayo yote, isipokuwa Kabera mwenyewe akitoa ruhusa. Mama Mukankusi alifunika uso kwa khanga.

Jumapili, tarehe 13

Siku njema kuliko zote tangu 1947. Niliketi juu ya jiwe tangu Misa. Ziwa lilikuwa limetulia, mashua zinarudi Kirotshe. Nilimweleza Emérita kila kitu, nikaruka sehemu ya kamba, kisha nikairudia kwa sababu angejua.

Nimeyatafakari mambo kwa utulivu. Kama ningekunywa mimi, mimi ndiye ningekuwa leo juu ya paa la shemeji, na mgongo wa Nestor ungekuwa wangu. Kwa kumpisha nilimtwisha mzigo na kubakiza migomba. Naanza kufikiri kwamba huenda nilipanga hivyo tangu mwanzo. Hila za mtu mwenye elimu huenda mbali. Hata yeye mwenyewe hazioni zinapogeuka kona.

Nimejifunza mengi. Tangu leo mimi ni mtu wa kukataa.

Jumatatu, tarehe 14

Nestor alikuja mchana, nimeketi juu ya jiwe. Alirudisha panga langu, akiwa amelinoa. Alikuwa ametoka juu ya paa, nyasi zimemjaa nyweleni. Kofia ameivua, ameishika kwa mikono miwili. Alizungumza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo. Akasema miche yake inakauka. Akasema kwingine kote kilimani ni mawe. Aliomba safu moja tu, chini kabisa, karibu na njia. Akasema tafadhali. Nimemjua tangu tukiwa watoto wa misheni, na ni mara ya kwanza.

Nilikataa! Naliandika kwa herufi kubwa moyoni. Nilimwambia wazi kwamba safu moja haiwezekani. Mtu mzima hapewi nusu ya kibuyu. Achukue mbili.

Sasa isije ikadhaniwa kwamba nimerudi nyuma. Hii ni hila ya nne, na ndiyo iliyo bora. Migomba hutembea. Kahawa haitembei. Safu nilizompa ni zile ambazo migomba ya Emérita inazielekea. Katika miaka kumi itakuwa imefika na kuzifunika zote. Nestor hajui. Nilisikia haya kidogo kumdanganya mtu mwenye nyasi kichwani, kwa hiyo nilimweleza. Alinishukuru, akasema basi afadhali aongeze safu ya tatu iwe kinga.

Mama Mukankusi alipita na jembe begani wakati tukizungumza. Alisimama, akatazama vijiti, akanitazama.

“Kabera,” alisema. Basi. Akaenda zake.

Kesho asubuhi tunapima. Nimeahidi kushika kamba. Ubavu wa kushoto unaniuma tangu mchana. Pengine ni baridi ya kiangazi.